Wakwe wanauliza naumwa nini, na mama kanikataza kulitaja jina

Anti shikamoo.

Mi ni mwalimu, nina miaka 28, nafundisha Kiswahili sekondari moja huku Makambako, nilipangiwa kituo miaka mitatu iliyopita ila kwetu ni Musoma. Nimeanza na kazi makusudi, maana ndo aibu yangu ilipo, mtu anashinda anafundisha watoto maneno af yeye mwenyewe kakosa maneno ya kujielezea.

Anti mi ni siko seli. Au nina siko seli, hata sijui inasemwaje. Kaka yangu aliyenitangulia alifariki ana miaka sita, hakuwahi kupimwa, ukoo wa baba ukasema mama kaja na damu mbaya na wengine wakasema mtoto amechezewa. Mimi nilikuwa na mwaka na kitu, nilipoanza kuvimba viganja na miguu ndo nikapelekwa hospitali wakapima wakajua. Tangu hapo mama hajawahi kulitaja jina mbele yangu, anasema "ile hali". "Ile hali imekuja?" "Umekunywa dawa za ile hali?" Miaka 27 hiyo Anti.

Nikikaa sawa nakaa sawa kabisa, naweza kumaliza hata miezi minne sijaguswa, nafundisha vipindi vyangu vyote. Ikija sasa, siwezi kukwambia. Inaanza kiunoni au kwenye mapaja, inapwita, halafu inatafuna, kuna wakati ni kama mtu anachokonoa msumari kwenye mfupa na anapumzika kidogo ili aanze tena. Huku baridi na upepo wa mwezi wa sita na wa saba ndo adui yangu. Mwaka jana ilinikamata naenda shule asubuhi, nikapelekwa hospitali na bodaboda, nesi ananiuliza maumivu kutoka moja mpaka kumi ni ngapi, nikasema nane. Ilikuwa kumi Anti, niliogopa nikisema kumi ataona naongeza chumvi. Hata hiyo nane hakuiamini, akaniambia mwalimu mzima unalia hivyo unawafundisha nini watoto, jikaze kisabuni, na nikamsikia anamwambia mwenzake huyu kazoea sindano.

Na huku mtaani ni salamu tu zinaniua. Umeamkaje mwalimu? Salama. Nikisema si vizuri napewa pole, kesho yake naulizwa umepona?, keshokutwa "bado tu?". Sasa hiyo bado tu inavyotamkwa! Ofisini wana jina langu, mwalimu wa kuumwaumwa. Na macho yangu ni ya njano kidogo, kuna darasa wananiita Madam Embe. Hilo wala halinisumbui, ni embe zuri.

Sasa shida yenyewe. Nina mchumba, ni mtu wa huku huku, Mbena, ana biashara ya mbao. Anajua kila kitu, siku ile ya hospitali ndo alikuja kunishikia mkono. Tatizo ni kwao. Mama alipoongea na shangazi yake kwenye simu akasema "binti yangu ana tatizo la damu kidogo, kuna dawa anakunywa kila siku, ila yuko vizuri tu." Mama alidhani amefunika. Pasaka tukaenda kwao kijijini nikalala siku mbili, mama mkwe akaliona kopo langu la vidonge, haidroksiyurea na foliki, akaniona nameza usiku kwa muda ule ule siku zote mbili. Hakusema kitu. Tulivyoondoka ndo akampigia mwanae: huyo binti ameungua?

Anti unajua huku Njombe kulivyo. Yule mama amezika watoto wawili na analea wajukuu wanne. Tatizo la damu, dawa ya kila siku, kliniki kila mwezi, angefikiria nini kingine? Mchumba akamwambia siyo hiyo mama, akaulizwa basi ni nini, akaanza kutafuta neno kwa Kibena akakosa, kwa Kiswahili akasema siko seli, mama yake akasema ndo nini hiyo. Akanyamaza. Mpaka leo wanajua nimeungua na mtoto wao anaficha.

Vipimo vya VVU ninavyo na niko salama, naweza nikawapelekea hata kesho, ila nikipeleka swali la pili ni lile lile, sasa vidonge vya nini? Mshenga anakuja kwetu Musoma baada ya wiki tatu. Mama amenipigia analia, anasema nikilitaja lile jina hawa watu wataondoka, niseme nina damu ndogo yaishe. Mchumba anasema tuwaambie ni presha, maana presha kila mtu anayo na haina aibu. Mi mwenyewe kuna siku nataka kulisema kwa spika ya msikiti na kengele ya kanisa kwa pamoja, na kuna siku naona nirudi Musoma nikaoze huko na ile hali yangu.

Nimtii mama, nimfuate mchumba, au niseme? Na nikisema, nasemaje?

Madam Embe, Makambako

*

Marahaba mwanangu Madam Embe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilicheka hapo kwenye embe, mara ya tatu sikucheka. Nimefanya kazi wodini miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kujibu barua, na ile nane yako naijua. Nimeiandika mwenyewe kwenye mafaili ya watu, nane, saba, sita, na sijui ni wangapi kati yao walikuwa wananipunguzia bei ili niwaamini. Kwa upande wangu na wa yule nesi, pole.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia uone kama nimekusikia. Una ugonjwa uliozaliwa nao, mama yako ameufunika kwa maneno laini ili usiachwe, na maneno hayo laini yamewapeleka wakwe kwenye kitu wanachokiogopa kuliko vyote. Mchumba anataka kufunika kwa kifuniko kingine. Na wewe umebaki katikati, ukisema unamwaibisha mama, usiposema unaolewa ukiwa mtu mwingine. Nadhani nimekosea kidogo tu kama nimekosea.

Sasa kabla ya nisemeje niongee kidogo na mwalimu wa Kiswahili. Kuna neno hukuliandika ila limejaa barua nzima. Mtu akiwa na mgonjwa nyumbani anaombaje ruhusa kazini? Anasema nimeuguliwa. Kama vile mtu anavyosema nimefiwa. Kwenye lugha yetu anayelala kitandani anaugua na wa pembeni naye anauguliwa, yani ugonjwa umemtendea na yeye pia. Ndo maana ukilazwa unapata uji, unapata wa kukukesha, unapata kundi la watu kwenye korido mpaka mlinzi anachoka, sidhani kama kuna raha kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu anayeumwa. Ila ina bei yake. Ugonjwa ukishakuwa wa watu wawili, jina lake nalo ni la watu wawili. Mama yako ameuguliwa mara mbili, na mara ya kwanza alifiwa kabisa, halafu akaambiwa yeye ndo kaja na damu mbaya. Wewe unasema anakuficha wewe. Mi najiuliza kama hajifichi yeye, kwasababu siku jina hilo likitajwa mbele ya wakwe lazima mtu ataulizia limetoka wapi, na yeye jibu aliloachiwa na ukoo ni kwamba limetoka kwake.

Sijui kama kuna mtu amewahi kumkalisha chini akamwambia kwamba mtoto hawi na siko seli kwa mzazi mmoja. Lazima abebe kutoka pande zote mbili. Baba yako naye anayo nusu yake, na aliyempa ni ukoo uleule uliosema damu mbaya imeletwa. Sikwambii umwambie ili mkashtaki watu makaburini. Nakwambia kwasababu huenda ukimuomba mama ruhusa ya kulitaja jina, unamuomba kitu kikubwa kuliko unavyodhani.

Jambo la pili nataka nikuulize taratibu. Unaamini kwamba ukisema "siko seli" utakuwa umesema. Mbona mchumba alisema, na hakuna kilichosikika?

Hilo jina mwanangu ni tupu kwa mtu asiyelijua. Siko seli ni Kiingereza kilichovaa kanga. Wataalamu wakatutengenezea selimundu, neno zuri, seli yenye umbo la mundu ule wa kukatia nyasi, ila ukiangalia vizuri hilo ni jina alilolitoa mtu aliyechungulia kwenye hadubini. Ndivyo ilivyokuwa kweli, daktari wa Chicago anaitwa James Herrick aliandika mwaka 1910 kuhusu kijana wa Grenada aliyekuwa anasoma kule, akaona kwenye damu yake seli nyembamba zilizopinda kama mundu. Ni jina la kile daktari alichokiona, anayeumwa hajawahi kuuona mundu wake. Kule Ghana sasa, Profesa Konotey-Ahulu ameeleza kwamba watu waliujua ugonjwa huu zamani kabla ya hadubini na kila kabila lilikuwa na jina lake, watu wa kabila la Ga wanauita chwechweechwe. Lisome kwa sauti. Ni mlio wa maumivu yenyewe, yale ya kutafuna na kurudi, kutafuna na kurudi. Wewe umeniandikia "inapwita, halafu inatafuna, anapumzika kidogo ili aanze tena". Umeandika chwechweechwe bila kujua! Kwa hiyo usiniambie umekosa maneno, mwalimu. Maneno unayo, umekosa jina ambalo mama mkwe analijua, na hiyo siyo kosa lako.

Wala siyo kosa lake. Wewe umetoka ziwani ambako mbu ni wa kudumu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwamba hiyo damu ya kurithi imejaa pale penye malaria, kwasababu anayeibeba nusu tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo wabebaji waliishi wakazaa. Ndo maana Musoma koo nyingi zina mtoto wa ile hali hata kama hawasemi. Sasa panda mpaka Njombe kwenye baridi ambako malaria haikuwa na nguvu hivyo, ugonjwa huu ni mgeni, ni wachache waliowahi kuuguliwa nao. Kwa Tanzania nzima inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nao kila mwaka, ila usitegemee mama wa kijijini Njombe amemuona hata mmoja. Alichokiona yeye ni kile kingine. Tafiti za serikali za VVU zimekuwa zikiuweka mkoa wake juu kuliko mikoa yote, na yeye hasomi tafiti, ana wajukuu wanne. Swali lake kwa mwanae lilikuwa la kikatili, sikatai. Ila mi nimelisikia kama swali la mtu aliyezika wawili na anaogopa wa tatu.

Haya, tuzipitie hizo njia zako.

Damu ndogo kwanza. Faida yake inamtuliza mama na inapita kwa wiki tatu hizo. Hasara yake, damu ndogo ni kitu ambacho kila mwanamke Tanzania anajua dawa yake! Utaletewa juisi ya rozela, matembele, maini, na hapo sawa, ila na vidonge vya kuongeza damu vya dukani utaletewa kwa upendo kabisa, na nyie madini ya chuma hamtakiwi kumeza ovyo bila kupimwa hasa kama umewahi kuongezewa damu mara nyingi, yanarundikana mwilini. Halafu damu ndogo hupona. Baada ya mwaka unarudi palepale kwenye "bado tu?", safari hii ndani ya nyumba ya ukweni. Na usisahau tayari mama alishasema damu, na neno hilo ndo lililowasha moto.

Presha. Namuelewa kijana, presha ni ugonjwa wenye heshima zake, ya kupanda ya kushuka kila mtu anajifanya daktari. Lakini hebu fikiria mwezi wa saba, mumeo kaenda kufuata mzigo wa mbao, umeanguka, kifua kinabana huwezi kuongea, mama mkwe ndo amekuleta hospitali anaulizwa mgonjwa ana tatizo gani. Anasema presha. Kwa mwenye siko seli kifua kikibana, pumzi ikikata, homa ikipanda nyuzi 38 na kuendelea, au upande mmoja wa mwili ukilegea, ni kukimbia hospitali hapohapo na daktari anatakiwa ajue ana nani mbele yake. Mi hapa siwezi kujifanya sina upande, kuhusu presha naogopa. Lakini pia nakuuliza, mchumba aliyekuja kukushikia mkono, kwanini naye anatafuta kifuniko? Labda anaogopa kama mama. Labda amechoka kutafuta neno. Kuna tofauti na ni vizuri ukajua ni lipi.

Kusema sasa, kabla ya mshenga. Utalala ukiwa mtu mmoja, na akibaki atakuwa amebaki na wewe mwenyewe. Ila sitakudanganya, wanaweza kuondoka, imetokea na itatokea. Na makambako siyo Dar, ukisema kwa wakwe Jumamosi Jumatatu ofisini wanajua, kwa hiyo jiulize kama uko tayari na hilo. Kuna wengine waliolisema wakakuta uzito umepungua, kuna wengine walikuta kila wakichelewa dakika tano wanahurumiwa mpaka wakatamani kuumwaumwa kwa zamani. Hilo neno lenyewe nalo, umeona Kiswahili kinavyofanya? Ukirudia kitenzi unakipunguza, kulialia, kuchezacheza, kuumwaumwa. Ugonjwa unaokuja na kuondoka lugha yenyewe inauona ni utani. Tuna kuumwa na tuna kupona, na mtu wa katikati anaonekana anadeka.

Na kusema baadae, baada ya mahari? Wengi wanafanya. Hofu yangu ni ndogo kuhusu ugonjwa na kubwa kuhusu ile "mlitudanganya", maana hiyo haina dawa hata Muhimbili.

Kumwachia mchumba aseme yeye. Hii ina uzuri wake, ni mama yake, ni lugha yake, na kwa mila mambo ya ndani huwa hayasemwi na bibi harusi mwenyewe. Ila akisema peke yake atasema anachokielewa yeye, na ndoa itaanza yeye akiwa mkalimani wa mwili wako. Wengine wanaweza kuishi hivyo. Wewe je? Kuna njia ya katikati, aongee yeye na wewe ukiwepo, au apatikane mtu wa tatu, shangazi yake yule wa simu, au nesi wa kliniki yako mkaenda naye mama mkwe siku moja akasikia kwa mtu mwenye koti jeupe. Wazee wengi nimeona koti jeupe linamaliza maneno ambayo ukoo mzima ungebishania mwaka.

Lakini kuna kitu hujakitaja hata mara moja na mi nimekitafuta barua nzima. Yeye amepima? Simaanishi VVU. Ndo swali la pili la mama mkwe yoyote, wajukuu je? Kama yeye hana kabisa, watoto wenu wote watabeba nusu kama baba yako na mama yako walivyobeba, hakuna atakayeumwa. Kama na yeye anabeba nusu, basi kila mimba ni nusu kwa nusu, mtoto anaweza kuumwa kama wewe. Kwa mtu wa milimani uwezekano ni mdogo ila watu wametembea na kuoana, huwezi kujua bibi yake alitoka wapi. Aombe kile kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kinaitwa elektroforesisi, maana kile cha haraka cha zamani kinaonesha tu kwamba ipo ila hakikwambii ni nusu au kamili. Mkiwa na karatasi hiyo mkononi maongezi yanakuwa mengine, vyovyote itakavyosema. Na haidroksiyurea mwambie daktari wako mapema kama mnawaza mtoto, kwa kawaida huwa inasimamishwa kabla ya kubeba mimba na usiisimamishe mwenyewe, na mimba yenyewe kwa mwenye siko seli inataka kliniki ya karibu sana. Wamezaa wengi. Haikuwa rahisi kwa wengi wao.

Sasa nisemeje. Maneno siwezi kukupa, naweza kukwambia yapi yanateleza huko kwenu. Usiseme "naishi na". Najua kwenye semina ndo wanafundisha tuseme naishi na hali fulani, lakini Njombe ukisema naishi na, umeshajibu swali ambalo siyo lako. Usianze na damu, damu ilishaharibu. Hata shujaa, wenzako wengi wanajiita mashujaa wa selimundu na linawapa nguvu, ila wewe ulishaambiwa ujikaze kisabuni, sijui kama unataka jina linalokukataza kulia. Ningekuwa mimi ningejaribu kuanza na mifupa, kwasababu mifupa kila mzee anaijua. Nimezaliwa nayo, nimeichukua kwa baba na mama. Haiambukizi, hata tukila sahani moja. Baridi ikinipiga mifupa inanitafuna nalazwa siku kadhaa, ikiniachia nafundisha. Dawa nakunywa ili isije mara kwa mara. Jina lake la hospitali ni hili. Yani jina lije mwisho likiwa na kitu ndani yake. Ukiona hayo maneno siyo yako yabadilishe, wewe ndo fundi. Na hayohayo ukiyaandika kwenye karatasi ukaiweka kwenye pochi pamoja na dawa zinazokusaidia, siku nyingine nesi akikuuliza moja mpaka kumi unampa karatasi asome, kumi ikiwa kumi.

Kuhusu salamu usijiumize sana. Hujambo ni huna jambo, na sijambo ni sina jambo, na hapa nchi nzima tunadanganyana kila asubuhi kwa adabu. Ile salama yako siyo uongo mkubwa kuliko ya jirani yako anayedaiwa na benki. Unaweza kuiacha mlango wazi kidogo kwa unaowaamini, "sijambo kiasi", "nimeamka nayo leo", uone nani anaingia na nani anapita. Mwingine atakushangaza.

Na mama. Wiki tatu zinatosha kwenda Musoma na kurudi, nauli siyo ndogo najua. Ungeenda kabla ya mshenga, bila kumuomba ruhusa ya kitu chochote, ukamuulizia kaka yako. Alikuwa anapenda nini. Alikuwa analiaje ikimshika. Walimwita vipi wakati anaumwa. Huenda hatasema neno, huenda atasema mengi kuliko ulivyoenda kutafuta, na inawezekana ukatoka hapo unajua kama unataka kumtii au unataka kumwomba msamaha mapema. Au ukaamua hakuna haja ya vyote viwili.

Niandikie tena, hata kama ni mistari miwili, hata kama umeamua tofauti na yote niliyoyapiga hapa. Na kama safari ni mwezi huu chukua basi la mchana, lile la usiku dirisha huwa halifungi, na beba sweta mbili.